Mike Bailey na mpaka uliomfungia miaka mitano

Swali: Mdogo wangu ana miaka 20, anaishi Montreal na ni raia wa Kanada. Tangu mwaka jana anajifunza mieleka katika shule moja huko, na sasa anasema hii ndiyo itakayokuwa kazi yake, kama ilivyo kwa mtu mmoja aitwaye Mike Bailey ambaye humtaja kila tunapozungumza kwa simu. Nimesikia kwamba huyo Bailey alifungiwa kuingia Marekani kwa miaka mitano na bado akafika mbali. Je, mwanamieleka asiye na kampuni huishije? Na huyo alifikaje mbali ilhali alifungiwa? Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi: promota mmoja wa upande wa Marekani amemwita mdogo wangu akapigane huko mwezi ujao, na amemwambia kwamba akifika mpakani aseme anakwenda kutembelea marafiki. Ameniomba nimchangie nauli. Nifanye nini? (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Dada yangu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo lina tarehe na mengine yanaweza kusubiri. Usimchangie nauli ya safari hiyo, na tumia nafasi yako ya ukubwa kumwomba asiende. Sisemi hivyo kwa kuidharau mieleka, ambayo nimeifuatilia kwa miaka mingi na ambayo naiheshimu kama ninavyoheshimu kazi yoyote inayomdai mtu mwili wake wote. Nasema hivyo kwa sababu kijana wako amemchagua Mike Bailey awe kielelezo chake, na katika maisha yote ya Bailey hakuna funzo lililo wazi kuliko hili la mpaka. Nitayaeleza maisha hayo kwa kirefu, ili utakapozungumza na mdogo wako umshike kwa habari za mtu anayempenda mwenyewe, badala ya kumkataza tu.

Mieleka tunayoizungumzia ni mchezo wa kuigiza unaochezwa kwa mwili. Wachezaji hujua kabla ya kengele kulia ni nani atakayeshinda, na sehemu kubwa ya ustadi wao ni kuwafanya watazamaji wasahau kwamba jambo hilo limepangwa. Hata hivyo ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya fremu ya chuma, zikafunikwa kwa sponji nyembamba na turubai, na mgongo unaozipiga mara ishirini kwa usiku ni mgongo wa mtu. Anayesema kwamba wanadanganya hajawahi kukaa karibu na ulingo akasikia mlio wa anguko la kwanza.

Mwanamieleka wa kujitegemea ni yule asiyefungwa na mkataba wa kampuni moja. Promota humwalika kwa onyesho moja, hukubaliana naye malipo, humlipa usiku huo, na kesho yake hakuna anayemdai mwenzake kitu. Mwanzoni malipo hayo huwa hayazidi pesa ya mafuta ya gari, na wanafunzi wengi hawalipwi chochote, bali hufunga kamba za ulingo, hupanga viti na kuuza tiketi ili wapewe dakika tano za kuonekana. Jina likishaanza kujulikana, pesa huja kwa njia kadhaa ndogondogo: malipo ya pambano, fulana na picha zinazouzwa mezani wakati wa mapumziko, na semina za kuwafundisha wanafunzi wa mji mwingine. Hakuna mshahara wa mwezi, hakuna likizo yenye malipo, na goti likiteguka mapato husimama siku hiyo hiyo. Wengi huwa na kazi nyingine ya mchana kwa miaka mingi. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hii ni kazi kweli, lakini inafanana zaidi na ya mpiga muziki anayezunguka kwenye harusi za watu kuliko ya mchezaji wa mpira aliyesajiliwa na klabu.

Sasa tuje kwa Bailey. Ni mtu wa Quebec, jimbo hilo hilo anamoishi mdogo wako, aliyezaliwa mwaka 1990, na alianza kupanda ulingoni mwaka 2006 akiwa bado kijana wa umri wa shule. Alikuwa amesoma taekwondo mpaka mkanda mweusi kabla ya kuwa na jina lolote kwenye mieleka, na jambo hilo linaonekana katika kila pambano lake: hupigana bila viatu, miguu mitupu, na mateke yake hutoka kwa kasi ambayo ndiyo iliyompa jina la ulingoni la Speedball. Mtazamaji asiyeijua mieleka kabisa anaweza kumtazama kwa dakika mbili akaelewa kwamba huyu amefundishwa kitu kabla ya kuja hapa. Namsisitizia kila kijana anayeniuliza habari za mchezo huu kwamba ustadi ulioletwa kutoka nje ya ulingo, uwe wa sarakasi, wa judo au wa ngoma, ni mtaji ambao shule ya mieleka yenyewe haiwezi kuutoa.

Miaka yake ya kwanza aliipitisha katika kumbi ndogo za nyumbani: kwenye maonyesho ya kampuni ndogo kama IWS ya Montreal na C4 ya Ottawa, na mengine ya miji ya Quebec na Ontario ambako watazamaji mia mbili ni watu wengi. Nchi ile imewahi kuona makubwa zaidi. Julai 1973, watu wapatao 29,000 walijaa uwanja wa Jarry Park mjini Montreal kumtazama Mad Dog Vachon, mtoto wa mji huo huo, akipambana na Killer Kowalski. Siku hizo kila eneo lilikuwa na kampuni yake na televisheni yake, na mwanamieleka wa Montreal aliweza kula, kujenga na kuzeeka bila kutoka kwao. Katika miaka ya 1980 kampuni moja kubwa ya Marekani iliingia kwa televisheni katika kila nyumba, ikawachukua wachezaji bora wa kila eneo, na kampuni za mikoani zikafa moja baada ya nyingine. Kilichobaki ndicho hicho alichokikuta Bailey, yaani kumbi za jumuiya, mapromota wanaofanya kazi nyingine mchana, na vijana wanaojifunza kwa kuangaliana.

Kabla yake walikuwapo wawili walioonyesha kwamba mtu anaweza kutoka kwenye kumbi hizo. Kevin Steen wa Marieville, aliyecheza pambano lake la kwanza siku alipotimiza miaka 16 mwaka 2000, na mwenzake aliyejifunika uso kwa barakoa na kujiita El Generico, mtoto wa Laval, walianzia IWS, wakavuka kwenda kupigana katika makampuni madogo ya Marekani kwa karibu miaka kumi, wakapata majina makubwa kabla ya kampuni kubwa kuwataka. El Generico alichukuliwa na WWE, kampuni kubwa kuliko zote za mieleka, mwaka 2013, naye Steen mwaka 2014, na leo dunia inawajua kama Sami Zayn na Kevin Owens. Aprili 2023 walisimama pamoja katika pambano la mwisho la usiku wa kwanza wa WrestleMania, onyesho kubwa la mwaka la WWE, na kutwaa mikanda ya ubingwa wa timu za watu wawili. Kwa kijana wa Montreal, njia hiyo ilionekana kama barabara iliyokwisha lainishwa: piga kazi nyumbani, vuka mpaka, jenga jina, subiri simu.

Tazama ramani nawe utaelewa kwa nini neno mpaka linarudi kila mara. Kutoka Montreal hadi mpaka wa Marekani ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na hadi New York ni kilomita zipatazo 600, umbali usiozidi sana ule wa kwenda Toronto. Lakini kutoka Toronto kwenda Winnipeg bila kutoka Kanada ni zaidi ya kilomita 2,000 za misitu na maziwa. Miji ya Kanada imejipanga kandokando ya mpaka kama vijiji kando ya mto, na soko la mieleka liko ng'ambo. Mwanamieleka wa Kanada asiyevuka hubaki na kumbi chache, watazamaji wale wale, na wapinzani wale wale mpaka awachoke nao wamchoke. Kwa hiyo wote wanatamani kuvuka, na kwa kuwa raia wa Kanada huingia Marekani kama mgeni bila kuomba viza, wengi hujidanganya kwamba kuvuka kwenda kutembea na kuvuka kwenda kufanya kazi ni kitu kimoja.

Bailey alikuwa amevuka na mambo yalikuwa yakimwendea vizuri. Mwaka 2015 aliitwa na PWG, kampuni ndogo ya California iliyokuwa ikifanyia maonyesho yake katika ukumbi wa maveterani wa jeshi huko Reseda, ukumbi wa watu mia chache tu, lakini uliokuwa ukitazamwa na kila mtu mwenye kauli katika mchezo huu. Mwezi Agosti mwaka huo alishiriki mashindano yao makubwa ya kila mwaka, Battle of Los Angeles, akafika fainali ya watu watatu pamoja na Chris Hero na Zack Sabre Jr., ambaye ndiye aliyeshinda. Kwa mtu wa miaka 25, kufika hapo ilikuwa sawa na kutangazwa. Mapromota walimpigia, na kalenda yake ya mwaka 2016 ilijaa.

Mwaka huo huo wa 2016 maofisa wa mpakani walimzuia kwa sababu alikuwa akienda kufanya kazi bila kibali cha kazi, na akapigwa marufuku kuingia Marekani kwa miaka mitano.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mdogo wako alipo sasa. Sheria ya Marekani inamtazama mwanamieleka anayepanda ulingoni mbele ya watu waliolipa kiingilio kama mfanyakazi. Zipo viza za wanamichezo na wasanii zilizowekwa kwa kazi ya namna hii, lakini mchezaji hawezi kujiombea mwenyewe: ni lazima mwajiri au wakala aliye Marekani apeleke maombi kwa idara ya uhamiaji, aambatanishe mikataba, ratiba ya maonyesho na ushahidi wa sifa za mchezaji, na alipe ada. Raia wa Kanada husamehewa hatua ya ubalozini tu. Akifika mpakani bado hutakiwa kuonyesha barua ya kuidhinishwa kwa maombi hayo. Sasa fikiria promota anayekodi ukumbi wa watu 200 mara moja kwa mwezi. Gharama za wakili na ada za maombi zinaweza kula mapato yake yote ya usiku ule, kwa hiyo hatumi maombi, na badala yake humfundisha kijana maneno ya kusema. Hatari yote humwangukia kijana, kwani onyesho litaendelea bila yeye na mwingine atawekwa mahali pake.

Ofisa wa mpakani hahitaji miujiza ili kujua. Jina la ulingoni liko kwenye tangazo la onyesho, tangazo liko kwenye mtandao, simu iko mfukoni, na begi lina suruali ya kubana, vikinga magoti na fulana thelathini zenye picha ya mwenye begi. Ofisa akijiridhisha kwamba mtu anakwenda kufanya kazi bila kibali, anaweza kumrudisha tu, au anaweza kumtolea amri ya kuondolewa ambayo kwa kawaida humfungia nchi kwa miaka mitano. Na ikithibitika kwamba mtu alisema uongo kwa makusudi ili aingie, sheria inaruhusu kumfungia maisha. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike kwa ukali: promota aliyemfundisha mdogo wako aseme anakwenda kutembelea marafiki amemfundisha kutoka kwenye kosa dogo kwenda kwenye kosa kubwa.

Turudi kwa Bailey, ambaye sasa ana miaka 25, mguu mwepesi kuliko wote wa kizazi chake, na mlango uliofungwa. Ungetegemea kwamba angesahaulika, kwa maana watazamaji wa mieleka wana kiu ya kitu kipya kila mwezi. Kilichomwokoa ni kwamba dunia ya mieleka ni pana kuliko Marekani, na kwamba jina alilolijenga Reseda lilikuwa limekwisha kusafiri kabla yake.

Mlango wa kwanza ulikuwa Tokyo, katika kampuni iitwayo DDT. Mkanada mwingine alikuwa amepita hapo kabla: Kenny Omega wa Winnipeg alikwenda DDT mwaka 2008 akiwa hajulikani sana, akajifunza Kijapani, akakaa miaka, na mwaka 2016 akawa mtu wa kwanza asiye Mjapani kushinda mashindano ya G1 Climax ya kampuni kubwa ya New Japan. DDT ni mahali pa ajabu. Usiku mmoja hupigana watu wawili kwa ukali wa kutisha, na usiku huo huo mtu mwingine hupigana na mwanasesere wa kujazwa upepo, na watazamaji huombwa wayachukulie mapambano yote mawili kwa uzito ule ule. Wapo wanaocheka na kusema huo si mchezo wa kweli. Mimi naona kwamba hakuna shule ngumu kuliko hiyo, kwa sababu mtu anayeweza kumfanya mtazamaji amhurumie mwanasesere ameelewa mieleka mpaka kwenye mizizi. Bailey alikwenda huko akiwa mpiga mateke hodari, na huko akajifunza kusubiri, kuuma midomo, kuchechemea kwa namna inayoeleza habari, na kumpa mpinzani nafasi ya kung'aa. Pamoja na kijana wa Kijapani aitwaye Mao aliunda timu ya Moonlight Express, wakatwaa mikanda ya timu ya kampuni hiyo.

Tofauti ya karatasi nayo ni ya kuangaliwa. Japani ina viza maalumu ya wasanii na wanamichezo, na kampuni inayomwita mgeni ndiyo humwombea. Makampuni ya huko yamezoea shughuli hiyo kwa miongo mingi, kwa kuwa wachezaji wa kigeni wamekuwa sehemu ya maonyesho yao tangu mwanzo. Mgeni hufika akiwa halali, hulala mahali alipopangiwa, na hucheza ziara nzima ya wiki kadhaa badala ya usiku mmoja. Kati ya ziara na ziara Bailey alicheza Uingereza na Ujerumani, ambako mieleka ya kumbi ndogo ilikuwa katika miaka yake ya neema, na alirudi nyumbani kupigana Ottawa, Montreal na Ontario. Wamarekani waliotaka kumwona waliletwa yeye alipo: mapromota wa Kanada waligundua kwamba wanaye mtu ambaye Marekani haiwezi kumpata, wakawaalika wapinzani wake waje kumfuata upande wa kaskazini wa mpaka.

Wako wanaosimulia habari hii kama neema iliyojificha, wakisema kwamba bila marufuku asingekwenda Japani, na bila Japani asingekuwa mchezaji alivyo leo. Nusu ya maneno hayo ni kweli, lakini siyakubali yote. Miaka kati ya 25 na 30 ndiyo miaka ambayo mwili wa mwanamieleka anayeruka hupona haraka na ndiyo miaka ambayo kampuni hutafuta vijana wa kuwekeza. Katika kipindi hicho hicho makampuni makubwa ya Marekani yalikuwa yakisajili watu wa kizazi chake kwa wingi, na mwaka 2019 ikaanzishwa AEW, kampuni nyingine kubwa ya Marekani, iliyochukua wengi waliokuwa na jina katika ukumbi wa Reseda. Bailey alitazama hayo kutoka ng'ambo. Tena mwisho wa marufuku yake uliangukia wakati wa korona, wakati mipaka ya dunia nzima ilipofungwa na Japani haikuwa ikipokea wageni, kwa hiyo hata mlango aliokuwa nao ukafungwa. Kusema kwamba alibarikiwa ni kusahau wangapi walizuiwa mpakani wakarudi nyumbani na hatukuwasikia tena. Yeye alikuwa na fainali ya Reseda mgongoni mwake alipozuiwa. Mdogo wako ana mwaka mmoja wa mazoezi, na akifungiwa leo hakuna kampuni ya Tokyo itakayomtafuta.

Marufuku ilipokwisha mwaka 2021, Bailey alisajiliwa mwaka huo huo na Impact Wrestling, kampuni ya Marekani ambayo inamilikiwa na Anthem, shirika lenye makao yake Toronto. Januari 2022 alianza kuonekana kwao, na mwezi huo huo alirudi kwenye mashindano yale yale ya PWG na kufika fainali tena, akashindwa na Daniel Garcia. Juni 2022, mjini Nashville, alishinda mkanda wa X Division, mmoja wa mikanda ya ubingwa ya kampuni hiyo, katika pambano ambalo nyaya hutandikwa juu ya ulingo zikapishana katikati, na mshindi ni yule anayetambaa juu yake kama tumbili hadi aung'oe mkanda uliotundikwa. Desemba mwaka huo alipigana na Mkanada mwenzake, Josh Alexander wa Ontario, kwa karibu saa nzima kwenye televisheni. Ukitaka kuelewa alichokileta kutoka Japani, mwombe mdogo wako mlitazame pambano hilo pamoja, hata kama ni kwa simu. Katika dakika za mwanzo Bailey hapigi teke lolote la ajabu. Anaulea mguu wake, anamchosha mtu aliyemzidi nguvu, na unapofika mwisho unajikuta unamwonea uchungu mtu ambaye ulijua tangu mwanzo kwamba amekubali kushindwa.

Oktoba 2023 alikutana na Mwingereza Will Ospreay katika onyesho kubwa la mwaka la kampuni hiyo karibu na Chicago, na Julai 2024 kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa imerudia jina lake la zamani la TNA, ilileta onyesho lake la Slammiversary katika ukumbi wa Verdun, mjini Montreal. Huko, mbele ya watu wa kwao, alimshinda Mustafa Ali na kuutwaa tena mkanda wa X Division. Mwaka 2025 alihamia AEW, ambako aliunda timu na Kevin Knight. Kutoka pambano la kwanza hadi mkataba wa kampuni ilimchukua miaka 15, na katika miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kujitegemea, anayelipwa kwa usiku.

Nisije nikakuacha na dhana kwamba kizuizi cha mwanamieleka wa Kanada ni Marekani peke yake. LuFisto, mwanamke wa Quebec aliyeanza kupigana mwaka 1997, alikutana na mpaka ndani ya nchi yake mwenyewe: mwaka 2002 mamlaka ya michezo ya jimbo la Ontario ilimzuia kupigana na wanaume, kwa kanuni ambayo haikuwakataza wanaume chochote. Hakuikwepa kwa jina la uongo. Alipeleka malalamiko kwenye chombo cha haki za binadamu, akasubiri, na mwaka 2006 kanuni hizo zikabadilika. Mwaka huo huo alimshinda Kevin Steen mwenyewe na kuwa mwanamke wa kwanza kushika mkanda wa Iron Man wa kampuni ya CZW. Mdogo wako akikwambia kwamba katika kazi hii kila mtu hupitia mlango wa nyuma, mtajie huyo mama.

Sasa nirudi kwenye nauli na mwezi ujao. Zungumza naye kabla hajapanda gari, na usianze na sheria. Anza na Bailey, muulize alikuwa na umri gani alipozuiwa na alipoteza nini. Kisha mwambie ampigie promota yule na kumuuliza swali moja: nani amepeleka maombi ya kibali changu, na barua ya kuidhinishwa iko wapi? Akijibiwa kwamba halipwi, kwa hiyo si kazi, asikubali jibu hilo, kwa sababu onyesho lenye kiingilio halibadiliki kuwa matembezi kwa kuwa mchezaji hakupewa bahasha. Akijibiwa kwamba wenzake wengi wamevuka hivyo hivyo, akumbuke kwamba Bailey naye alikuwa amekwisha kuvuka kabla ya siku ile. Na ikitokea kwamba amekwisha fika mbele ya ofisa, siku hii au nyingine, na akaulizwa anakwenda kufanya nini, aseme kweli. Mtu aliyesema kweli anaweza kuomba aruhusiwe kughairi safari na kurudi nyumbani. Uamuzi ni wa ofisa, lakini anayo nafasi, na mwongo ameipoteza.

Pesa uliyotaka kumchangia ina kazi nyingine bora. Inatosha kumlipia ushauri wa saa moja kwa wakili wa uhamiaji aliyepo Montreal, au nauli za kwenda Ottawa na Toronto ambako anaweza kupigana kila mwisho wa wiki bila kuonyesha pasipoti, akarekodiwa, akajenga jina ambalo siku moja promota mwenye uwezo ataliombea kibali. Aandike kila pambano analocheza, ahifadhi matangazo na video, kwa maana karatasi hizo ndizo zitakazoambatanishwa kwenye maombi siku hiyo ikifika. Akipata mwaliko mwingine kutoka ng'ambo, mwambie akutumie nakala ya barua ya idhini. Ikiwa jina lake limeandikwa humo kama lilivyo kwenye pasipoti, na tarehe za onyesho zimo ndani ya muda ulioidhinishwa, mchangie nauli, tena umsindikize kwa dua.